Mzinga Ulioachiwa Nondo

Mwenye kukunja uso na akunje, uso ni wake. Lakini mtu ambaye hajawahi kula mabuu wa nta, wale weupe wanaoanguliwa na nondo ndani ya mzinga na kunenepa kwa kutafuna masega, mtu huyo asinifundishe mimi habari za utamu. Unawamwaga kwenye kigae cha moto bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe. Wananyooka, wanalialia kidogo, wanageuka rangi kama mahindi ya kukaanga. Unatia chumvi. Ukitafuna, unapata harufu ya asali kwa mbali, kama chumba ambacho mgeni mzuri ametoka sasa hivi. Siku hizi watoto wa Mabanga wanakula mkate wa dukani na kujiona wamefika.

Wabwile alikula mabuu hao kabla hajaota magego. Alizaliwa Mabanga, karibu na Bungoma, wakati reli ilikuwa bado haijafika huko na mtu akitaka kwenda mbali alikwenda kwa miguu yake. Baba yake, Mukhisa, alikuwa na mizinga tisa ya magogo aliyoitundika mitini kando ya shamba la wimbi. Mama yake aliitwa Nekesa, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, na hakuna mtu pale kijijini aliyejua kukaanga mabuu kumshinda.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu nondo wa nta, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Nondo huyo haingii mzinga wenye nguvu. Nyuki wakiwa wengi na malkia wao ni mzima, wanamfukuza mlangoni. Anaingia mzinga uliodhoofika, anataga mayai, na mabuu wanatandaza utando wao kila mahali mpaka nyuki waliobaki wanahama. Kwa hiyo ukiona mabuu, ujue mwenye mzinga alilala. Pale kijijini mabuu walikuwa kitoweo na aibu kwa pamoja. Ulikula ukifurahi, na jirani akakula wewe kwa maneno.

Na Mukhisa, baba mtu, kila mwaka alipoteza mzinga. Kila mwaka, bila kukosa, mzinga mmoja uliingiliwa. Watu walichoka kushangaa wakaanza kucheka. Wazee wakikaa na mirija yao kuzunguka chungu cha pombe ya busaa, lazima mmoja aseme, "Mukhisa hafugi nyuki, bana, anafuga nondo." Mukhisa alicheka nao, akavuta busaa yake. Hakuwahi kujitetea hata siku moja.

Mabuu wenyewe aliwagawa mafungu mawili. Fungu kubwa lilikwenda jikoni kwa mkewe. Fungu dogo alilitia kwenye kibuyu chenye masega makuukuu, akamchukua Wabwile wakaenda mto Kuywa kuvua. Ah, siku zile. Kambale ni samaki mwenye dharau, anaweza kumpita mnyoo wa udongo kama hamjui. Lakini mtumbukizie buu wa nta, mnono, anayejinyonganyonga kwenye ndoana, uone. Baba na mwana walikaa ukingoni tangu umande haujakauka, hawasemi mengi, na walirudi na samaki waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Hadi uzee wake Wabwile akisikia harufu ya tope la mto alikuwa anameza mate.

Lakini kijana akikua anaanza kusikia watu wanasema nini. Alipofika umri wa kuoa, wenzake walimwita mwana wa mfuga nondo, na msichana mmoja aliyemtaka aliambiwa na shangazi zake kwamba uvivu ni ugonjwa wa ukoo. Basi mwaka wa thelathini na moja Wabwile akaaga, au tuseme aliondoka, akapandisha kwa miguu hadi Kitale kutafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu. Moyoni alikuwa na nia moja tu: popote atakapokaa, asiitwe mvivu.

Kazi aliipata kwa mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi kutwa kucha, hata akikukaripia alikuwa anapumzika kidogo ili apige mluzi. Bwana Mluzi alikuwa ameleta mizinga ya masanduku kutoka kwao, mizinga arobaini iliyopakwa rangi nyeupe, na yote ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine na hajui kwa nini. Wabwile alifunua sanduku la kwanza, akaona utando, akaona vinyesi vyeusi kama unga wa baruti, akasema, "Huyu namjua, Bwana. Huyu nimemla tangu utotoni."

Alisafisha mizinga yote. Mizinga dhaifu aliiunganisha na yenye nguvu, masega makuukuu akayayeyusha, utando akauchoma kwa mafuta ya taa, na mabuu akawakusanya kwenye kopo, akawakaanga nyuma ya jiko. Bwana Mluzi alipomkuta anatafuna, alishika tumbo akaenda zake. Waliobaki Wabwile aliwapeleka kwenye kijito kinachoshuka kutoka mlima Elgon, ambako bwana huyo alivua samaki wake wa trauti kwa ndoana yenye manyoya, maana kwao, ati, kuvua kwa chambo cha dudu si uungwana. Siku hiyo uungwana ulipata samaki sufuri na Wabwile akapata wanne. Bwana alinuna siku mbili. Ya tatu alikuja nyuma ya jiko mwenyewe, ameficha kopo ndani ya koti, akauliza kwa kunong'ona kama dudu wangali wapo.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho mabuu kuonekana kwenye shamba lile. Kuanzia hapo Wabwile aliikagua mizinga yake kila juma, mvua au jua, akamponda kila buu mchanga kwa ukucha. Miaka ikapita. Wazungu wa mashamba mengine walikuja kutazama mizinga isiyo na nondo. Kimeli, rafiki yake kutoka mlimani, ambaye ukoo wake ulifuga nyuki tangu enzi za mababu, alisema hajaona mtu anayechukia mdudu mmoja namna ile. "Wewe, ndugu, huyo nondo alikuchukulia mke?" alimuuliza. Wabwile alicheka tu. Baba yake alipokufa mwaka wa thelathini na nane alikwenda Mabanga, akakaa matanga siku tatu, akarudi, kwa kuwa ilikuwa majira ya nyuki kugawanyika na hakutaka mzinga hata mmoja umponyoke.

Sasa tufike mwaka wa hamsini na tatu. Mwezi wa tano ilikuja barua kutoka kwa dada yake Rispah, mwanamke wa kanisa, msomi, avaaye viatu hata shambani. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mama Nekesa alikuwa mgonjwa tangu wakati wa kupanda, amekonda, amekataa uji, amekataa maziwa, amekataa hata kuku. "Anataka mabuu wa nta kama wale wa baba," aliandika Rispah. "Nimemweleza hapa Mabanga hakuna tena mwenye mzinga. Ameniambia basi atakufa na njaa na kosa litakuwa langu. Kaka, kama unaweza, lete. Hana miezi mingi."

Wabwile aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda moja kwa moja kwenye mizinga. Alifunua arobaini yote, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba Mungu akute buu. Hakukuta hata mmoja. Miaka ishirini na miwili ya kazi safi, na sasa usafi wenyewe ulikuwa umemzibia njia. Misitu ambamo nyuki wa porini walikaa ilikuwa imefyekwa, kote ni mahindi na ngano. Alimwendea Kimeli.

"Kwetu mizinga iko juu sana kwa baridi," Kimeli alimwambia. "Nondo hafiki huko. Nikutafutie wapi?"

"Nitafanyaje, basi?"

"Wewe unao mzinga wowote dhaifu?"

Alikuwa nao. Mzinga wa mwisho karibu na ua, malkia wake alikuwa mzee na nyuki wamepungua. Alikuwa amepanga kuuunganisha na mwingine juma lile lile.

"Basi usiuguse," Kimeli akasema. "Uache. Nondo atakuja mwenyewe."

Mtu akikwambia kutofanya kitu ni rahisi, mwambie hajajaribu. Wabwile alikiona cha mtema kuni. Kila asubuhi alipita mbele ya mzinga ule na mikono ikimwasha. Aliona nyuki wakipungua mlangoni. Aliwaona walinzi wamebaki wachache kama wazee kwenye boma ambalo vijana wamehama, na alijua kabisa dawa yao, na hakuwapa. Usiku hakulala vizuri. Jioni moja alimwona nondo wa kijivu ametulia juu ya mfuniko, akainua kidole kumponda, akakishusha. Aliona haya hata mbele ya nondo.

Kitale ni baridi, mwezi wa sita na wa saba ndiyo kabisa, na buu kwenye baridi hana haraka. Juma la tatu walikuwa wembamba kama uzi. Juma la tano wamefika ukubwa wa punje ya mchele. Barua nyingine ilikuja: mama bado yupo, anauliza. Wabwile alihesabu siku kwa vidole. Nyuki wa mwisho walikuwa wamehama. Aliamua kwamba Jumatatu ya juma la saba atawatoa mabuu, asafishe sanduku, aombe ruhusa aende Bungoma, na hakuna atakayejua kitu.

Jumapili Bwana Mluzi akaja na wageni. Walikuwa wametoka kanisani, wanaume watatu na memsahibu mmoja mwenye kofia ya manyoya, na bwana alitaka kuwaonyesha mizinga yake inayosifiwa. Wabwile aliitwa. Alijaribu kuwaelekeza upande wa juu, lakini yule memsahibu aliogopa kuumwa, akapenda mzinga ulio kimya. Na ule uliokuwa kimya mnaujua.

Bwana Mluzi aliufunua mwenyewe. Mluzi ukakatika. Masega yalikuwa yameshikamana kwa utando kama pamba chafu, na mabuu wakaanza kudondoka kwenye viatu vyake.

"Wabwile. Hii iko nini?"

"Ni mimi, Bwana," alisema Wabwile. "Niliuacha."

"Miaka ishirini na mbili," alisema bwana, akiwatazama wageni wake badala ya kumtazama yeye. "Miaka ishirini na mbili, sasa wewe nalala." Halafu akasema maneno ambayo Wabwile mwenyewe ndiye aliyemfundisha: "Lete mafuta ya taa. Choma yote."

Wabwile alisimama. Mafuta yalikuwa hatua kumi kutoka pale, kibandani, na kiberiti kilikuwa mfukoni mwake. Watu wengine wangefikiri kazi, wangefikiri jina. Yeye alifikiri habari ya mwanamke mmoja aliyelala Mabanga akikataa uji.

"Bwana, naomba nichukue hawa dudu."

"Chukua kwa nini?"

"Mama yangu ni mgonjwa. Anataka kula."

Memsahibu akafunika mdomo. Mmoja wa wale wanaume akacheka kwa sauti. Bwana Mluzi akawa mwekundu hadi masikioni, na msisahau kwamba mtu huyu aliwahi kuwabeba dudu hao hao ndani ya koti lake. Angeweza kusema neno. Hakusema. Aliona haya mbele ya wageni, na mtu mwenye haya humalizia hasira yake kwa aliye chini.

"Wewe nachukua hiyo uchafu, hapana rudi hapa tena," alisema.

Wabwile aliitazama mizinga mingine thelathini na tisa, nyeupe, imejipanga, kila mmoja anaujua kwa tabia. Akaingia kibandani, akatoka na debe la nta, akaokota masega yote, na wale waliodondoka kwenye viatu vya bwana akainama akawaokota mmoja mmoja. Kisha akaondoka. Moyo ulimuuma, nisiwadanganye. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na hakuwa na mzinga wake mwenyewe hata mmoja, kwa sababu mfanyakazi wa shamba lile hakuruhusiwa kuwa nao.

Kimeli alimkopesha baiskeli. Alifunga debe nyuma kwa mpira, akapita Kiminini na Kamukuywa na Kimilili, anashuka na kupanda, na kila kilima alisimama kufunua mfuniko na kutazama kama wako hai. Buu wa nta anatoboa mbao na anatoboa kitambaa, lakini bati limemshinda. Alifika Mabanga jua limeanza kulainika.

Mama Nekesa alikuwa amelala uani juu ya ngozi, amekuwa mdogo kama mtoto. Lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Umechelewa," alisema mama. "Nilikuwa nimeamua kufa Jumatano."

"Baridi ya Kitale, Mama. Hawakuwa wanakua."

Rispah alilitazama debe akarudi nyuma. "Mama, hiki ni chakula cha watu wa gizani."

"Wewe kaa kwenye mwanga wako," alisema mama, "na uwashe moto."

Wakatafuta kigae. Mama alielekeza akiwa amelala: moto usiwe mkali, wasafishe kwanza utando, usikoroge sana, sasa chumvi, si hivyo, kidogo. Rispah alikaanga ameziba pua kwa leso. Walipoiva, Wabwile alimwinua mama akamwegemeza kifuani pake. Mama akachukua mmoja, akatafuna kwa fizi na meno machache aliyobaki nayo, macho amefumba. Mwana alimtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Wembamba," alisema mama, akachukua mwingine. Na mwingine.

Akaendelea kula. Mtu ambaye alikuwa amekataa chakula cha kila aina tangu kupanda, sasa vidole vyake vilikuwa vinarudi kwenye kigae bila kuambiwa. Rispah aliona, akageuka akafuta macho kwa ile ile leso.

"Niambie," mama akasema mwishowe. "Uliniletea salamu mwaka jana kwamba huko kwako nondo hajawahi kuingia. Hawa wametoka wapi?"

"Mzinga mmoja uliniponyoka, Mama."

"Hakuna. Uliuacha."

Wabwile akageukia debe.

"Unatazama pembeni," alisema mama. "Baba yako alikuwa anatazama pembeni hivyo hivyo, akirudi na kibuyu chake, akiniambia umemponyoka mmoja. Kila mwaka umemponyoka mmoja." Alipumzika kidogo kupata pumzi. "Baba yako hakuwa mvivu, Wabwile. Mimi ndiye nilikuwa mlafi."

Wabwile alikaa bila kusogea, mama amemwegemea.

"Nilikuwa na mimba yako," mama aliendelea. "Nilikataa chakula chote, kama hivi. Nilitaka hawa tu. Akaacha mzinga ukaingiliwa. Ukazaliwa, na mwaka uliofuata akaona nikitazama mizinga, akaacha mwingine. Sikumwomba. Siku zile mizinga ilikuwa ya wanaume. Mke aliyefanya mzinga wa mume uharibike kwa sababu ya tumbo lake, wakwe walimrudisha kwao na aibu. Akasema wacha wamcheke yeye. Akanikataza nisiseme, nami sikusema hata alipokufa. Sasa wote wamekufa, nani atanirudisha kwetu?"

Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Wabwile alimshika mpaka kikapita. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Kimeli.

"Mama, siku niliyoondoka, nilimkuta baba njiani. Nilimwambia afadhali niwe mtumwa wa mzungu kuliko kuwa mtoto wake."

"Najua."

"Unajua?"

"Alikuja akaniambia. Nilitoka mbio nikufuate, nikuambie ukweli, na wakwe waseme watakavyo. Nilikuwa nimefika kivukoni. Akanifuata akanishika mkono. Akasema, 'Mwache aende na hiyo hasira. Atakuwa mfugaji mzuri.'" Mama akatafuta buu mwingine kwenye kigae kwa kupapasa. "Na mwaka ule akaacha mzinga mwingine, kama kawaida."

Hapo Wabwile akalia. Hakulia kiume, kimya kimya. Alilia kama wanavyolia watu siku mzazi anapotolewa nyumbani kuzikwa, kilio ambacho miaka kumi na mitano nyuma hakuwa amekipa nafasi kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi kwa nyuki. Majirani wawili walichungulia kwenye ua wakidhani mgonjwa amekata roho. Rispah akawaashiria waende.

Mama Nekesa hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka kilio kikaisha chenyewe, huku yeye akiendelea kula polepole, mmoja mmoja. Alipofika nusu aliusukuma mkono wa mwanawe kwenye kigae, wakala pamoja.